Skrini nyeusi isidharauliwe vyuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi aliyelalamika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba vyuo vyetu vinawapotezea vijana muda kwa kuwafundisha kuandika programu zinazouliza na kujibu kwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, wakati dunia nzima imehamia kwenye simu za kugusa na picha za rangi. Namheshimu, kwa kuwa analipa ada na ana haki ya kujua ada hiyo inanunua nini. Hata hivyo mimi nimekula jasho la skrini hiyo kwa miaka mingi, mchana nikiwa fundi wa kompyuta hapa Tanga na jioni nikifundisha darasa dogo la programu, na ninavyoona, kosa la vyuo ni kinyume cha hilo analolisema. Skrini nyeusi inafundishwa juma moja au mawili, kijuujuu, kisha inawekwa kando, na ndiyo maana tunaletewa programu zinazoanguka mara tu mtu wa kawaida anapobonyeza kitufe ambacho mwandishi wake hakukitarajia.

Kwa asiye wa kazi hii nieleze kwanza ninachozungumzia. Terminali, kwa maana yake ya asili, ni kibodi upande mmoja na mahali pa kutokezea maandishi upande wa pili, na katikati yake waya unaopitisha herufi moja baada ya nyingine. Hakuna vitufe vya kugusa, hakuna menyu za kufunua, hakuna picha. Mashine iliyoeneza mtindo huo katika kompyuta, Teletype Model 33 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1963, haikuwa hata na skrini. Ilichapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde, zote herufi kubwa, na mstari wake ulibeba herufi 72 tu. Mfumo wa Unix ulipoanza kuandikwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, mashine za ukoo huo ndizo zilizotumika kuzungumza na kompyuta, na hadi leo ukifungua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliofuata mtindo wa Unix, utakuta terminali inaitwa kwa herufi tatu, tty, ambazo ni ufupisho wa jina la mashine hizo. Mwaka 1978 ikaja VT100 ya kampuni ya DEC, yenye skrini ya safu 80 kwa mistari 24, na amri zake za kusogeza maandishi bado zinaeleweka na karibu kila dirisha la terminali tunalolifungua leo.

Mzazi yule anaweza kusema kwamba hizo ni habari za makumbusho. Sivyo. Rauta inayokataa kuwaka vizuri hufikiwa kwa waya wa siriali, yaani ule wa kupitisha herufi moja baada ya nyingine, na skrini nyeusi. Seva iliyofungwa kwenye chumba cha baridi haina skrini wala kipanya. Kompyuta ndogo zinazoendesha pampu, mizani, mageti na mitambo ya simu huzungumza kwa maandishi, mara nyingi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde (biti ni sifuri au moja, na kila herufi huchukua kama kumi), ambayo maana yake ni herufi zipatazo 960 kwa sekunde, hata kuijaza skrini moja ya safu 80 kwa mistari 24 kunachukua sekunde mbili kamili. Anayekwenda huko akiwa amezoea madirisha ya rangi peke yake anakuwa kama dereva aliyejifunza udereva kwenye lami, akapewa gari lipite njia ya shamba wakati wa masika.

Niruhusu nisimulie jambo moja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu yote ninayotaka kuyasema. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye ghala moja ambalo sitalitaja. Kulikuwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini yake, imefungwa ukutani juu ya mizani, na karani aliifikia kwa terminali kuukuu iliyounganishwa kwa waya wa siriali. Programu ya kupokea mizigo iliuliza maswali matatu tu: namba ya bidhaa, idadi ya magunia, na kama karani ana hakika. Kijana aliyeiandika alikuwa hodari, na aliijaribu mara nyingi kwenye kompyuta yake mpakato bila tatizo. Siku ya kuifunga, mwenye ghala aliomba kila kinachopita kwenye skrini kinakiliwe pia katika faili kwa ajili ya mkaguzi, na kijana akaipitisha programu yake kwenye programu nyingine ndogo ya kunakili inayoitwa tee, ambayo inapatikana kwenye kila Linux. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja, naye akaondoka na malipo yake.

Asubuhi iliyofuata karani alikuta skrini tupu. Akaandika 4017, ambayo ilikuwa namba ya sukari, akabonyeza enta. Kimya. Tarakimu alizoandika mwenyewe aliziona, lakini hakuona swali wala jibu. Akadhani mashine haikumsikia, akaandika tena 4017. Kimya. Akaandika mara ya tatu. Basi ile 4017 ya kwanza ilipokelewa kuwa namba ya bidhaa, ya pili ikawa idadi ya magunia, na ya tatu ikawa ndiyo nina hakika, kwa sababu swali la mwisho lilikubali namba yoyote isiyo sifuri kuwa ni ndiyo. Ghala lisiloweza kubeba hata magunia elfu moja likaandikiwa kwamba limepokea magunia 4,017 ya sukari kabla ya saa tatu asubuhi. Nilipofika, karani alikuwa amekwisha kupewa barua ya kujieleza. Aliniuliza, “Fundi, mimi nimeandika kile kile mara zote tatu, sasa hapo nimekosea wapi?” Hakukosea popote.

Kilichotokea ni jambo ambalo kila anayeandika programu angepaswa kulijua kabla ya kupewa cheti. Katika lugha ya kuandikia programu iitwayo C na nyingine nyingi zilizojengwa juu yake, maandishi ambayo programu inayatoa hayaendi moja kwa moja kwenye skrini. Yanakusanywa kwanza kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoitwa bafa. Programu inapogundua kwamba upande wa pili kuna terminali, huyaachia maandishi kila mstari unapokamilika, na katika Linux kwa kawaida huyaachia pia inapoanza kusubiri mtu aandike. Lakini inapogundua kwamba upande wa pili kuna bomba la kupelekea maandishi kwenye programu nyingine, tabia yake inabadilika: inasubiri bafa lijae, kwa kawaida baiti 4,096, yaani nafasi ya herufi 4,096 za kawaida, ndipo iyaachie yote kwa mkupuo. Ni daladala inayokaa stendi mpaka ijae. Maswali ya ghala yalikuwa na herufi ishirini hivi kila moja, kwa hiyo yangehitajika maswali kama mia mbili kabla karani hajaona hata moja. Njia ya makosa, ambayo Unix iliitenga na njia ya kawaida kwa sababu za namna hii, haisubiri kujaa. Yenyewe huondoka hata na abiria mmoja. Dawa ya ghala ilikuwa kumwambia konda aondoe gari kila baada ya swali, yaani kuongeza fflush(stdout) kwenye sehemu tatu, na katika lugha nyingine iitwayo Python ingekuwa kuandika flush=True ndani ya mabano ya print. Kazi hiyo ilinichukua dakika tano. Kuwaeleza wakubwa wa ghala kwamba barua ya kujieleza ilimwendea asiyehusika kulinichukua siku mbili.

Kwa nini kijana hakuliona kosa hilo? Kwa sababu kwenye kompyuta yake kulikuwa na terminali halisi, na alikuwa amefundishwa kwamba kuandika kwenye skrini ni kuandika kwenye skrini, basi. Hakuna aliyewahi kumpa zoezi la kuendesha programu yake huku maandishi yakielekezwa kwenye faili au kwenye bomba. Zoezi lenyewe ni la robo saa.

Upande wa kupokea maandishi ni mgumu zaidi, na hapo ndipo Kiswahili na desturi zetu vinapoingia. Mwambie Mtanzania aandike bei, ataandika 15,000 au 15,000/= kama anavyoiandika kwenye risiti na kwenye kuta za duka. Ile kazi ya C (kazi hapa ni kipande cha programu kilichoandaliwa tayari) iitwayo atoi, ambayo bado inafundishwa kwenye madarasa mengi kuwa ndiyo njia ya kugeuza maandishi kuwa namba, husoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokielewa, ikasimama, ikanyamaza. Kwa hiyo 15,000 inakuwa 15. Hakuna onyo, hakuna kelele, na shilingi 14,985 zinapotea kwenye koma. Python yenyewe haifichi: inakataa na kufa papo hapo, ikimtupia muuza duka mistari kadhaa ya Kiingereza asiyoihitaji. Njia ya kiungwana ni kuusoma mstari mzima kama maandishi, kuondoa koma na zile alama za mwisho, kisha kuigeuza namba kwa strtol, ambayo inakuonyesha ilipoishia kusoma, ili uhakikishe kwamba hakikubaki kitu nyuma. Na kikibaki, uulize tena kwa sentensi inayotaja alichokosea. Vivyo hivyo kwa saa: anayeambiwa aandike saa ya kufungua duka ataandika 2, akimaanisha saa mbili asubuhi, na programu itamfungulia duka usiku wa manane.

Halafu kuna kilichobaki kwenye foleni. Programu ikitenga nafasi ya herufi 20 za jina, na mtu akaandika jina lake, la baba na la babu kama fomu zetu zote zinavyotutaka, ziada haipotei hewani. Inabaki ikisubiri, na swali linalofuata linaikuta na kuipokea kama jibu lake. Nimeona orodha ya wanachama ambamo mtu ameandikwa kuwa kijiji chake ni nusu ya jina la babu yake. Tena hiyo ndiyo hali ya afadhali, kwa maana programu ilihesabu nafasi. Kulikuwa na kazi ya C iitwayo gets ambayo haikuhesabu kabisa. Ilipokea chochote ulichoandika na kukimimina kumbukumbuni hata kikafurika juu ya vitu vingine. Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulioachiliwa na mwanafunzi Robert Morris ulienea kwenye mtandao wa Marekani, na mojawapo ya milango iliyoutumia ilikuwa gets hiyo hiyo: programu ilitenga baiti 512, mnyoo ukatuma 536. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa kazi hiyo kuondolewa rasmi katika kanuni za lugha ya C. Nimewahi kuiona kwenye vijitabu vya mazoezi vilivyopigwa fotokopi, na sishangai, kwa kuwa fotokopi hazisomi habari.

Jambo la herufi n nitalieleza kwa ufupi ingawa linanikera kuliko yote. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri alikuwa na programu ya hesabu iliyomuuliza kila jioni, kwa Kiingereza, kama ahifadhi kazi ya siku, ikimtaka ajibu kwa y au n. Mzee alibonyeza n. Alibonyeza n siku nne mfululizo, na siku nne mfululizo mauzo yake yakafutika, kwa sababu kwake n ni ndiyo na kwa programu n ni kukataa. Mfumo wa Linux tangu zamani una mahali pa kutaja, lugha kwa lugha, herufi zipi zihesabiwe kuwa ni kukubali na zipi ni kukataa, kwa hiyo tatizo hili lilikwisha kufikiriwa na watu wengine. Sisi hatukulifikiria kwa ajili yetu. Katika darasa langu ni marufuku kuuliza swali la kufuta au kuhifadhi kwa herufi moja. Mtumiaji aandike ndiyo au hapana kwa ukamilifu, au achague 1 au 2.

Ipo pia ile alama ndogo ya ng'. Kiswahili kina bahati kubwa kwenye konsoli finyu, yaani mahali padogo pa kuandikia na kusomea, kwa kuwa maandishi yetu yote yanatosha ndani ya zile alama 128 za ASCII, jedwali la zamani la herufi za kompyuta, bila nukta juu wala mikia chini, ambazo wenzetu wa lugha nyingine huhangaika nazo. Shida inakuja simu na programu za kuandikia zinapojitia ujuzi na kuigeuza ile alama iliyonyooka kuwa alama iliyopinda. Kwa macho ni ile ile. Kwa mashine ni kitu kingine kabisa, ambacho katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi za lugha zote, kinachukua baiti tatu, na konsoli isiyoijua UTF-8 itaonyesha vimelea vitatu katikati ya neno. Ukitafuta Ng'ambo iliyoandikwa kwa alama moja hutaipata iliyoandikwa kwa nyingine. Kwenye ujumbe mfupi wa simu gharama yake inahesabika: alama iliyonyooka imo kwenye jedwali la kawaida la herufi za simu, na ujumbe unabeba herufi 160, alama iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye jedwali kubwa na nafasi inashuka hadi herufi 70. Tangazo la mnada wa ng'ombe linaweza kulipiwa mara tatu kwa sababu ya kinukta hicho.

Kuhusu kutoa maandishi sina mengi, maana makosa yake mengi yanatokana na kupenda mapambo. Vijana wanapaka rangi. Rangi kwenye terminali ni mfululizo wa herufi unaoanza na alama ya 27 ya ASCII, na terminali isiyoielewa itauchapa kama ulivyo, hata neno hitilafu likatokea limezungukwa na mabano ya mraba na tarakimu. Programu inapaswa kuuliza kwanza kama inazungumza na terminali, na ya aina gani, kabla ya kujipamba. Mfumo unatoa jibu hilo bure. Mstari wa kuonyesha kazi imefikia wapi, unaojirudia mahali pale pale, ni mzuri kwenye skrini, lakini kwenye faili la kumbukumbu unakuwa maelfu ya vipande visivyosomeka, na kwenye waya wa 9600 unakula njia yote mpaka ujumbe wenye maana unachelewa.

Mwisho wa mstari nao una mambo yake. Ile Teletype ilihitaji amri mbili, moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni mwa mstari, namba 13, na nyingine ya kusogeza karatasi, namba 10. Unix ikachagua kuhifadhi 10 peke yake, Windows ikabaki na zote mbili, na kitufe cha enta kwenye terminali ya siriali hutuma 13. Kwenye Linux kuna mkalimani katikati anayezitafsiri, lakini kwenye kompyuta ndogo isiyo na mfumo kamili hakuna. Mwanafunzi anayeisubiri 10 atasubiri mpaka alfajiri. Anayetuma 10 bila 13 ataona maandishi yake yakishuka kwa ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Na anayelinganisha jibu la mtumiaji na neno ndiyo ataambiwa kwamba havifanani, kwa kuwa nyuma ya neno imejificha ile 13 isiyoonekana. Kila mwaka darasani kwangu kuna atakayepoteza jioni nzima hapo. Simzuii, ila baada ya jioni moja namwonyesha jinsi ya kuzichapa baiti zenyewe kwa namba.

Nigusie na nywila. Programu inapoomba nywila huzima ule mwangwi unaofanya herufi zionekane. Ikikatizwa kwa Ctrl na C kabla haijaurudisha, mtumiaji anaachiwa terminali ambayo haionyeshi chochote anachoandika, na wengi huzima kompyuta kwa kudhani imekufa. Kuandika stty sane bila kuona, kisha enta, kwa kawaida hurejesha hali, lakini si kazi ya mtumiaji kujua hilo. Ni kazi ya mwandishi wa programu kuhakikisha kwamba anayetoka, hata kwa kukimbia, anaacha mlango alivyoukuta. Na mtandao ukikatika katikati ya swali, programu itaambiwa kwamba maandishi yamekwisha. Ile isiyosikiliza itauliza swali lile lile mara maelfu kwa dakika, ikijaza diski kwa kumuuliza mtu ambaye ameondoka.

Mzazi huenda akaona kwamba haya ni ya mafundi na maghala. Basi aangalie mita ya luku nyumbani kwake. Ni konsoli finyu kuliko zote nilizozitaja: vitufe kumi na mbili hivi, na kijiskrini ambacho mara nyingi hakiwezi kuonyesha tarakimu zote 20 za umeme kwa pamoja. Mwaka 2024 wateja walitakiwa kuingiza namba tatu mfululizo, tarakimu 60, kwa sababu umeme wa kununua kwa namba ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwaka 1993 katika nafasi ya biti 24, na nafasi hiyo, yenye dakika 16,777,216, ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba mwaka huo. Mabibi na mabwana wasiojua biti ni nini walisimama kwenye vibaraza, mmoja anasoma karatasi kwa tarakimu nne nne na mwingine anabonyeza. Zile nne nne kwenye karatasi ni ubunifu wa mtu aliyeelewa konsoli finyu.

Au aangalie menyu za simu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, ambazo ndizo zinazowawezesha wenye simu za vitochi kutuma pesa. Kila ukurasa wake hauzidi herufi 182, hauhifadhiwi popote, na mtumiaji akichelewa kujibu mazungumzo yanakatwa. Anayeandika menyu hiyo anahitaji kujua yale yale ya ghalani: uliza jambo moja kwa wakati, onyesha ulichopokea kabla ya kukitekeleza, usikubali jibu lolote lile kuwa ni ndiyo, na ukikataa, sema kwa nini kwa maneno machache. Siku hizi kijana anayeomba kazi ya kutengeneza huduma za pesa kwenye simu ana nafasi kubwa ya kukutana na menyu hizo.

Ninachowaomba wakuu wa vyuo si kuongeza somo jipya, bali kubadili mtihani wa lile lililopo. Programu ya mwanafunzi isipimwe kwa majibu aliyoyaandaa yeye. Msahihishaji aingize mstari mtupu, aingize 15,000/=, aingize majina matatu marefu, akate njia ya kuingizia katikati ya swali, aelekeze matokeo kwenye faili, kisha aone kilichobaki kimesimama. Kompyuta yoyote ya zamani inatosha, na waya mmoja wa siriali.

Hapa kwangu kila Alhamisi jioni namwomba mama anayeuza vitumbua nje ya jengo letu aingie darasani, akae mbele ya skrini nyeusi na kuijaribu programu ya mwanafunzi mmoja, bila mtu kumwelekeza. Mwezi uliopita programu ilimuuliza bei ya kitumbua. Akaandika, kwa herufi, mia mbili, akabonyeza enta, na programu ikafa. Vijana wakacheka. Mama akawageukia na kusema, “Imeniuliza bei, nami nimeiambia bei.” Kijana aliyeiandika hakucheka, alibaki darasani hadi saa tatu usiku, na Alhamisi iliyofuata programu yake ilimjibu mama kwamba imeelewa ni mia mbili, je, ni sawa? Mzazi aliyeandika barua ile anakaribishwa siku yoyote ya Alhamisi, aje na mwanawe, na programu ya mwanawe.

Wako,
Fundi na mwalimu wa programu,
Tanga